Uzi: Silinda 1, 3, 4, 6 au 8, ni nini hasa kinabadilika kwenye nguvu na torki ya injini?

#1 (Mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Hii mada nimekaa nayo muda mrefu sana. Kila mjadala wa magari unaoanzishwa lazima atokee mtu aseme "hiyo ni silinda sita, torki yake balaa" au "achana na silinda tatu, hiyo haina nguvu", na watu wanampa like bila hata kuuliza injini ina cc ngapi, ina tabo (kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini) au haina, na inafika mizunguko mingapi. Mimi nasema idadi ya silinda peke yake haikwambii torki ya injini. Inakwambia mambo mengine ya maana na nitayaeleza, ila torki hapana, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirukia.

Tuwekane sawa kwanza. Torki ni ile nguvu ya kuzungusha, kama unavyofungua nati ya tairi kwa spana, unavyokandamiza zaidi na spana inavyokuwa ndefu ndo unavyozungusha kwa nguvu zaidi. Tunaipima kwa Nm. Nguvu zenyewe, hizi tunazoziita farasi, ni torki hiyohiyo ukaizidisha na kasi ya mzunguko. Ukitaka kwa hesabu, chukua Nm zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 9549, unapata kilowati. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Sasa mfano. Kawasaki wametengeneza pikipiki tatu za cc 250 ambazo ukiziweka pamoja zinamaliza ubishi wote. Kuna Ninja 250SL ya silinda moja, kuna Ninja 250 ya silinda mbili, na kuna ZX-25R ya silinda nne. Zote zina cc 248 mpaka 249 na ushee, zote zinapozwa kwa maji, hakuna hata moja yenye tabo. Torki ya silinda moja ni Nm 22.6. Ya silinda mbili ni Nm 23.5. Ya silinda nne ni Nm 22.9. Rudia kusoma hapo taratibu. Kutoka silinda moja mpaka nne torki haijasogea hata Nm moja kamili!

Ila njoo kwenye farasi sasa. Silinda moja inatoa farasi 28, mbili inatoa 39, nne inatoa 50. Karibu mara mbili. Zimetoka wapi wakati torki ni ileile? Zimetoka kwenye mizunguko. Ya silinda moja inafika kilele cha nguvu kwenye mizunguko 9,700 kwa dakika, ya mbili kwenye 12,500, na ile ya nne inapiga kelele mpaka 15,500 ndo inatoa hizo farasi 50.

Kwa nini torki imebaki palepale? Kwa sababu injini ya stroki nne inameza ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni). Hapa ujazo ni cc 250, iwe zimeingia kwenye silinda moja au zimegawanywa kwenye nne, hewa ni ileile na petroli ya kuchoma na hiyo hewa ni ileile, kwa hiyo kazi inayotoka ni ileile. Ni kama una pipa moja la maji, ulihamishe kwa ndoo moja kubwa au kwa vikopo vinne ukienda haraka haraka, maji hayaongezeki. Silinda moja inapiga ngumi moja nzito afu inapumzika muda mrefu, silinda nne zinapiga ngumi nne nyepesi mfululizo.

Na kwa nini ya nne inaweza kukimbia mizunguko mingi hivo? Hapa ndo pananifurahisha kuliko pote. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama, inapanda tena, na huko kusimama na kuanza upya ndo kunaivuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) mpaka inataka kukatika. Kwenye hiyo ya silinda moja pistoni inatembea milimita 61.2 kila inapopanda au kushuka, kwenye ya mbili 41.2, kwenye ya nne 31.8 tu. Piga hesabu ya mwendo wa wastani wa pistoni pale kwenye kilele cha nguvu, unakuta ya silinda moja inakwenda kama mita 19.8 kwa sekunde, ya mbili 17.2, na ya nne 16.4. Yaani ile inayopiga kelele kuliko zote ndo pistoni zake zinakwenda taratibu kuliko zote! Afu pistoni yenyewe ni ndogo na nyepesi, na valvu ni ndogo na nyepesi kwa hiyo springi inaweza kuzifuata bila kuelea.

Kuna la hewa pia. Silinda moja ya kipenyo cha milimita 72 ina eneo la juu la milimita za mraba kama 4,070. Silinda nne za kipenyo cha milimita 50 ukizijumlisha zinakupa kama 7,850. Karibu mara mbili ya sehemu ya kupachika valvu, kwa ujazo uleule wa injini. Kwenye mizunguko mikubwa muda wa kuvuta pumzi ni mdogo mno, na mwenye pua pana ndo anayemaliza mbio.

Kwa hiyo kwa kifupi changu mimi: ujazo na msukumo ndani ya silinda ndo vinaleta torki. Kugawa ujazo kwenye silinda nyingi kunakupa ruhusa ya kukimbia mizunguko mingi, na mizunguko ndo inazaa farasi. Karibuni tuchambue.

#2

Mkuu uzi mzuri lakini hapo kwenye torki sikubaliani na wewe. Mimi nimeendesha Toyota ya cc 2000 silinda nne na nimeendesha ya cc 2000 silinda sita, ya sita inavuta tofauti kabisa, unakanyaga inaondoka kama inateleza. Huwezi kuniambia ni sawa.

#3 (Mleta uzi)

Mkuu nashukuru, na hisia zako ni za kweli kabisa ila jina ulilozipa ndo silo. Chukua Toyota Altezza. Ilikuja na injini mbili zote za lita 2. AS200 ilikuwa na 1G-FE silinda sita, farasi 160 na torki Nm 200. RS200 ilikuwa na 3S-GE silinda nne, ya gia za mkono ilikuwa na farasi 210 na torki Nm 216. Gari ni moja, ujazo ni mmoja, na mwenye silinda chache ndo ameshinda kote kote. Sababu ni kwamba ile 3S-GE ilitengenezwa kwa ajili ya mbio, mgandamizo mkubwa, valvu zinazobadilisha muda wa kufunguka pande zote mbili, na kilele cha nguvu kipo kwenye mizunguko 7,600 wakati 1G-FE kilele chake kipo 6,200.

Ila angalia na pale torki ilipokaa, maana hapo ndo penye jibu lako. 1G-FE inatoa hizo Nm 200 zake kwenye mizunguko 4,400 tu. 3S-GE inabidi uipandishe mpaka 6,400 ndo ikupe zake. Barabarani watu hatuendeshi kwenye 6,400. Kwa hiyo ukiwa unatembea kawaida ile ya sita inakuitikia mapema, na kwa kuwa haitetemeki unahisi inateleza. Umehisi ukweli, ila huo ukweli umeletwa na aliyechora kamshafti (shafti inayofungua valvu) na njia za hewa.

#4

Mimi ni fundi, acha niongezee kwenye huo utelezi maana watu wengi hawaujui. Injini ya stroki nne kila silinda inawaka mara moja katika nyuzi 720 za kranki. Sasa gawa. Silinda moja inakusukuma mara moja kila nyuzi 720, tatu kila 240, nne kila 180, sita kila 120, nane kila 90, kumi na mbili kila 60. Na ule msukumo wenyewe hauendi nyuzi 180 zote, valvu ya egzosi inafunguka kabla pistoni haijafika chini, kwa hiyo kwenye silinda nne kuna kipande kidogo hapo katikati ambacho hakuna anayesukuma. Na kwenye silinda nne za mstari pistoni zote nne zinasimama kwa wakati mmoja, mbili juu mbili chini. Kinachoendeleza mzunguko hapo ni uzito wa flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa kranki) tu.

Kwenye sita haitokei hivo, kabla wa kwanza hajamaliza kusukuma wa pili ameshaanza, wanapokezana. Ndo maana torki ya wastani inaweza kuwa sawa kwenye karatasi ila kwenye kiti chako unapata kitu tofauti, ile ya nne inakuja kwa mapigo mapigo na ya sita inakuja kama mkondo.

Afu kuna mtetemo ambao hauhusiani na kuwaka kabisa. Silinda nne za mstari zina mtetemo wa kupanda na kushuka unaokwenda mara mbili ya kasi ya kranki, na kadiri pistoni zinavyokuwa kubwa ndo unavyozidi, kwa hiyo injini nyingi za nne zenye ujazo mkubwa zinawekewa shafti mbili za kusawazisha zinazozunguka mara mbili ya kranki. Watu wanazitoa hizo shafti wakati wa kufungua injini eti zinakula nguvu, jamani msizitoe. Silinda tatu tatizo lake lingine, yenyewe inatikisa kwa kubembea mbele nyuma kama ubao wa watoto. Silinda sita za mstari zimejisawazisha zenyewe bila msaada wa kitu chochote, na kumi na mbili za V ni sita mbili zimeunganishwa kwa hiyo nazo ni hivohivo.

#5 (Mleta uzi)

Fundi hapo umenifundisha, asante sana. Na nyongeza yako inajibu swali ambalo nilikuwa nalo kuhusu flaiwili, kwa nini injini ya silinda chache inakuwa na flaiwili nzito kulinganisha na ujazo wake. Inabeba kazi ya kuziba hayo mapengo. Na ndo maana injini ya silinda moja ukiachia klachi taratibu kwenye mizunguko ya chini inadunda dunda na kutaka kuzima.

#6

Haya ya petroli sawa. Njoo kwenye dizeli mkuu. V8 ni V8 bana, Land Cruiser 70 ya V8 huwezi kuifananisha na hii mpya ya silinda nne waliyotuletea. Wamekata silinda nusu nzima.

#7 (Mleta uzi)

Nilikuwa nalisubiri hili. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye 1VD-FTV, V8 dizeli ya lita 4.5 yenye tabo moja, inatoa kilowati 151 na torki Nm 430. Hii ya silinda nne, 1GD-FTV ya lita 2.8, yenye gia za otomatiki inatoa kilowati 150 na torki Nm 500. Silinda nusu, ujazo umepungua kwa zaidi ya theluthi moja, na torki imeongezeka Nm 70.

Hapa ndo unaona kile kitu cha pili nilichokitaja kwenye uzi, msukumo ndani ya silinda. Ujazo ukipungua njia ya kubaki na torki ni kushindilia hewa nyingi zaidi kwenye kila silinda, na hiyo ndo kazi ya tabo. Ukikokotoa msukumo wa wastani unaofanya kazi juu ya pistoni, ile V8 inafanya kazi kwenye kama baa 12 (baa ni kipimo cha msukumo) na hii ya nne inafanya kazi kwenye kama baa 23. Na ile 1HZ ya zamani, silinda sita za mstari, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo, yenye torki kama Nm 285, iko kwenye baa 8 na nusu hivi. Silinda sita kubwa na torki yake imepitwa mbali na nne ndogo.

#8

Mkuu namba zako sizikatai, ila umepita juu juu kwenye jambo moja. Baa 8 na nusu na baa 23 ni vitu viwili tofauti kwa uhai wa injini. Hiyo 1HZ imeishi miaka na miaka kwenye kazi ngumu kwa sababu haibanwi. Ukiibana injini ndogo itoe kazi ya kubwa, joto linapanda, beringi zinabeba zaidi, gasketi ya hedi inabeba zaidi, tabo yenyewe ni kitu kingine cha kuharibika. Mimi ndo naona faida ya silinda nyingi ipo hapo.

#9 (Mleta uzi)

Hapo sikupingi hata kidogo na naomba wote waisome tena hiyo namba 8. Umesema kweli. Nitaongeza tu kwamba anayebeba mzigo hapo ni ujazo mkubwa usiobanwa, na ujazo mkubwa kwa kawaida unakuja na silinda nyingi, ndo maana vinachanganywa. Ila injini ya leo ya baa 23 nayo imechorwa kwa hizo baa 23, chuma chake, konrodi zake, upoaji wa pistoni kwa oili inayorushwa kutoka chini, sio kwamba wamechukua ya zamani wakaipachika tabo. Anayeua injini hizi mara nyingi ni oili chafu na kuzima injini ghafla baada ya kuikimbiza sana, tabo ikiwa bado ya moto.

#10

Mimi nilifundishwa kwamba torki inatokana na stroki ndefu, yaani kranki ikiwa na mkono mrefu ndo torki inakuwa kubwa, kama mfano wako wa spana. Silinda zikiwa chache stroki inakuwa ndefu. Kwa hiyo silinda chache torki zaidi. Hapa unasemaje?

#11 (Mleta uzi)

Hili swali zuri sana na hata mimi niliamini hivo kwa miaka. Tatizo ni kwamba tunaangalia spana tunasahau mkono unaoikandamiza. Ujazo ukibaki uleule, ukirefusha stroki lazima upunguze kipenyo cha pistoni. Pistoni ikiwa nyembamba eneo linalosukumwa na moto linapungua, nguvu inayoshuka kwenye konrodi inapungua. Spana imerefuka na mkono umedhoofika, kwa kiwango kilekile. Vinafutana kabisa. Ndo maana kwenye hesabu ya torki ya wastani huoni stroki wala kipenyo wala idadi ya silinda, unaona msukumo na ujazo tu: msukumo zidisha ujazo, gawa kwa 12.57, kwa injini ya stroki nne. Jaribu mwenyewe, baa 12 ni paskali 1,200,000, zidisha lita 2 yaani mita za ujazo 0.002, gawa 12.57, unapata Nm 191. Ndo maana petroli nyingi za kisasa zisizo na tabo zinaangukia Nm 90 mpaka 110 kwa kila lita. Zile pikipiki tatu za juu zote zipo kwenye 91 mpaka 94 kwa lita.

Ila imani hiyo haikutoka hewani. Mwenye stroki ndefu hawezi kukimbia mizunguko mingi, kwa hiyo mchoraji anamtengenezea kamshafti na njia za hewa za kumfanya apumue vizuri chini, na torki yake inakaa chini. Mtu akiendesha anasema ina torki.

#12

Swali la haraka wakuu, V, mstari na zile zilizolala, zina tofauti kwenye torki?

#13 (Fundi wa namba 4)

Kwenye torki hapana. Ni nafasi chini ya boneti, urefu, kimo, mtetemo, na ugumu wa kuzifikia plagi. Tuendelee.

#14

Sasa kama silinda haziongezi torki kwa nini wanaziongeza? Si wangetengeneza silinda moja ya lita 3 wakamaliza?

#15 (Mleta uzi)

Swali la msingi hili. Kwa sababu silinda moja moja ina ukubwa inaopendelea. Kwenye magari ya petroli watengenezaji wengi wameangukia kwenye cc 500 hivi kwa silinda. Ikiwa kubwa zaidi, moto unachukua muda kufika pembeni na mafuta yanaweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati, ule mlio wa kugonga, na pistoni inakuwa nzito haikimbii. Ikiwa ndogo zaidi, kuta zinakuwa nyingi kulinganisha na hewa iliyomo. Hili la kuta lina hesabu nzuri, ukichukua injini ya silinda nne ukaigawa ujazo uleule kwenye nane, eneo la kuta zinazokula joto linaongezeka kama asilimia 26. Joto linalokwenda kwenye maji ni joto ambalo halikusukuma pistoni. Na ringi zimeongezeka, beringi zimeongezeka, msuguano umeongezeka. Ndo maana silinda nyingi ndogo ndogo zinakunywa.

BMW wanaonyesha hili wazi kabisa. B38 ni silinda tatu cc 1499, B48 ni nne cc 1998, B58 ni sita cc 2998. Zote kipenyo milimita 82 na stroki milimita 94.6, yaani silinda ileile inaongezwa tu. Hapo sasa, kwa mtindo huo, silinda zikiongezeka torki inaongezeka, maana ujazo unaongezeka pamoja nazo: B38 kwenye toleo moja Nm 220, B58 kwenye toleo moja Nm 450. Ukisema "silinda sita ina torki" kwa maana hii uko sahihi, umeongeza nusu lita nusu lita.

Na sio kwamba silinda kubwa haiwezekani, ukikubali kwenda taratibu inawezekana. Ile injini ya meli ya Wärtsilä-Sulzer RT-flex96C ya silinda 14 ina kipenyo cha milimita 960 na stroki ya mita 2 na nusu. Silinda moja ni lita 1,820! Inazunguka mara 102 tu kwa dakika, na inatoa kilowati 80,080. Ni ya stroki mbili kwa hiyo kila silinda inawaka kila mzunguko. Piga ile hesabu yetu ya 9549 upate torki, zinakuja kama Nm milioni 7.5. Na pistoni zake kubwa hivo zinakwenda mita 8.5 kwa sekunde, nusu ya zile za pikipiki ya cc 250. Kila ninapoikokotoa hii nabaki nashangaa.

#16

Kwenye malori iko hivohivo. Scania V8 ya lita 16.4, toleo la farasi 770 la mwaka 2020, Nm 3,700. Volvo FH16 ya farasi 750, silinda sita za mstari, lita 16.1, Nm 3,550. Nane dhidi ya sita na wamekaribiana hivo, kwa sababu ujazo umekaribiana.

#17 (Mleta uzi)

Asante, mfano huo sikuufikiria. Na upande wa pili kabisa wa dunia kuna Formula 1, walitoka V10 za lita 3 zilizotumika mpaka 2005, wakaenda V8 za lita 2.4 mwaka 2006, na zilikuwa na stroki chini ya milimita 40, ndo zikafika mizunguko 20,000. Mwaka 2014 wakahamia V6 za lita 1.6 zenye tabo na mota za umeme, mizunguko ikapungua, torki ikapanda.

#18

Mimi nina gari la silinda tatu linatetemeka sana likiwa limesimama linaunguruma, gereji moja wakaniambia "silinda tatu ndo zilivyo, vumilia". Nimevumilia miezi. Ni kweli?

#19 (Fundi wa namba 4)

Ndugu yangu usivumilie. Silinda tatu nzima inatetemeka kidogo ila haitingishi vioo. Angalia koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na plagi kwanza. Inawezekana inamisi silinda moja, yaani haiwaki, na hapa idadi ina maana kubwa, silinda moja ikifa kwenye nane umepoteza sehemu moja ya nane na unaweza hata usijue, kwenye nne umepoteza robo, kwenye tatu umepoteza theluthi nzima na pengo la kusukuma linakuwa nyuzi 480. Ukienda kuipima chomoa koili moja moja injini ikiwa inaunguruma, kwa vifaa vya kukinga umeme, ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndo imekufa. Ikiwa zote ziko hai angalia maunti za injini, mpira ukishapasuka mtetemo wote unakuja kwenye bodi.

#20 (wa namba 18)

Fundi ilikuwa koili ya silinda ya pili. Gari limetulia. Niliambiwa nivumilie kitu cha kubadilisha dakika kumi, nimeumia sana.

#21

Naomba ushauri wa mwisho hapa. Nachagua kati ya gari la silinda tatu lita 1 lenye tabo na la silinda nne lita 1.5 lisilo na tabo. Kwa huu uzi nimechanganyikiwa zaidi, niangalie nini?

#22 (Mleta uzi)

Tuchukue mbili zinazojulikana. Ford EcoBoost ya lita 1, silinda tatu, ile ya farasi 125, inatoa Nm 170 kuanzia mizunguko 1,400 mpaka 4,500. Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, silinda nne, ina farasi 109 na torki Nm 141, na hiyo 141 inaipata kwenye elfu nne na ushee. Sasa jiulize unatembea kwenye mizunguko mingapi siku nyingi. Kama ni 2,000, ile ya tatu kwenye 2,000 inaweza kukupa kilowati 35 na kitu, ukiikanyaga. Ile ya nne hapo hapo bado haijafika kilele chake cha torki, kwa hiyo ukitaka kupita lori lazima ushushe gia. Upande wa pili, chini ya 1,400 ile ya tatu inakuwa imelala maana egzosi haijatosha kuizungusha tabo, ukiondoka kwenye mwinuko na mzigo unaisikia inavuta pumzi kwanza, wakati ya nne inakuitikia palepale hata kama ni kidogo.

Kwa hiyo usihesabu silinda. Tafuta namba tatu: torki ya juu ni ngapi, inaanza mizunguko mingapi, na inaisha mizunguko mingapi. Afu ukienda kuijaribu ijaze watu, tafuta mwinuko mrefu, weka gia ya tatu kwenye mizunguko 1,500 ukanyage taratibu usikie inavyobeba. Mtetemo uusikilize ikiwa imesimama na kiyoyozi kimewashwa. Fundi wetu namba 4 akipenda atuambie na plagi za hizo mbili zinafikikaje.

#23 (Fundi wa namba 4)

Zote mbili zinafikika vizuri kutoka juu. Ila hiyo ya lita 1 mkanda wake wa taiming kwenye matoleo ya mwanzo unazunguka ndani ya oili, kwa hiyo oili iwe ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na ibadilishwe kwa wakati, ukiweka ya kuokota mkanda unameguka na vipande vinaziba chujio la pampu ya oili. Muulize anayeuza akuonyeshe rekodi za oili kabla hujamuuliza kitu kingine.